Shangazi, mgonjwa aliniuliza kama anakufa, nikageukia dripu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni muuguzi, huu ni mwaka wa sita niko wodi ya watu wazima, magonjwa ya ndani. Naomba usitaje jina langu wala mahali nilipo. Barua hii nimeiandika mara tatu nikaichana. Hii ya nne naituma bila kuirudia, maana nikiisoma nitaichana nayo.

Miezi miwili iliyopita nilikuwa zamu ya usiku. Tulikuwa wauguzi wawili, wagonjwa 28. Namba 9 alikuwa na saratani iliyokwisha kusambaa hadi kwenye ini. Wakati wa kukabidhiana zamu niliambiwa maneno machache tu: "Namba 9 hali si nzuri, ndugu wameelezwa." Kama yeye mwenyewe alikuwa ameelezwa, sikuuliza na wala sikuambiwa.

Saa nne usiku namba 9 akashikwa na maumivu. Mofini ilikuwa imeandikwa kwenye faili, apewe akihitaji. Alihitaji, yeyote angeona. Lakini pumzi zake zilikuwa zimeanza kubadilika, nikaingiwa na hofu: nikimchoma halafu akafa, si nitakuwa nimemuua mimi? Nikamtafuta daktari wa zamu, akanijibu mpe, si imeandikwa. Nikampa. Ila karibu nusu saa ilikuwa imepita, na nusu saa ya mtu mwenye maumivu naijua ilivyo ndefu.

Saa nane usiku nilipita kumtazama nikidhani amelala. Akanishika pindo la gauni la kazi, akasema, "Sista, ninakufa?" Hakuwa analia. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua ni saa ngapi.

Nikamwambia, "Usiseme hivyo baba, utapona, pumzika." Kisha nikageukia dripu. Nikashika kile kigurudumu cha kupunguzia na kuongezea, nikainua macho nikawa nahesabu matone. Dripu ilikuwa inakwenda vizuri, haikuwa na tatizo lolote. Niliendelea kuhesabu mpaka yule baba akaliachia gauni langu. Akasema, "Basi nipigie simu kwa binti yangu." Nikamjibu kwamba binti amelala saa hizi, tutampigia asubuhi. Nikaenda kwa namba 14 ambaye alikuwa anatapika. Kweli alikuwa anatapika, Shangazi, sisingizii.

Saa kumi na moja alfajiri nilimkuta amekwisha kufariki. Mkono ulikuwa nje ya shuka.

Binti yake alifika saa moja asubuhi nikiwa nimeshavua glavu za mwisho. Aliniuliza swali moja tu: "Alisema chochote?" Nikasema, "Hapana, alilala kwa amani." Akanishukuru. Akanikumbatia.

Kuna jambo jingine. Wiki tatu baadaye nilipangiwa mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa pili. Siku hiyo tulifiwa na mgonjwa, tukamwandaa marehemu pamoja: kumfuta mwili, kumfunga kidevu, kumfunga lebo kwenye kifundo cha mguu. Mikono ya yule mtoto ilitetemeka hadi uzi wa lebo ukamshinda. Alipoanza kulia nikamwambia, "Utazoea." Ndivyo nami nilivyoambiwa nilipoanza. Akanitazama akauliza, "Wewe ulizoea lini?" Nikakosa jibu. Kesho yake hakuja, na nasikia anataka kuacha chuo.

Chuoni kifo tulifundishwa kwa kipindi kimoja. Hatua tano: kukana, hasira, kujadiliana, huzuni, kukubali. Nilizikariri, zikaja kwenye mtihani, nikazipata zote. Tulifundishwa pia kumwandaa marehemu, hatua kwa hatua. Cha kumjibu mtu saa nane usiku hakuna aliyetufundisha.

Nimtafute yule binti nimwambie ukweli? Simu yake imo kwenye faili, nimekwenda kuitazama mara mbili. Na kuna nafasi imetokea kliniki ya wagonjwa wa nje, msimamizi anataka jibu mwisho wa mwezi. Niende? Wenzangu wananisifu eti mimi ni jasiri, silii wala siyumbi. Mimi najiona moyo wangu umekufa, na mtu wa namna hiyo hafai kuuguza.

Muuguzi wa zamu ya usiku

*

Marahaba mwanangu,

Nashukuru ya nne hukuichana.

Nianze kwa kukurudishia ulichoniambia, unisahihishe nikikosea. Mgonjwa aliyekuwa njiani kufa alikuuliza kwa mdomo wake kama anakufa, ukalikwepa swali. Akaomba binti yake apigiwe simu, haikupigwa, akafa peke yake. Binti akauliza, ukamficha. Sasa unataka kujua kama umwambie au unyamaze, na kama ubaki wodini au uondoke. Lakini mwishoni umeandika jambo jingine ambalo hukuliwekea alama ya kuuliza, umelitaja kama kesi iliyokwisha kuhukumiwa: kwamba moyo wako umekufa. Naomba tukae hapo kwanza. Ukiyajibu yale mawili huku unaliamini hili, utayajibu kama mtu anayejiadhibu.

Mwaka 1991 muuguzi wa Marekani, Katherine Frommelt, alichapisha dodoso la kupima mtazamo wa wauguzi kuhusu kuwahudumia watu wanaokaribia kufa. Lina sentensi 30, na kwa kila moja unaonyesha unakubaliana nayo kiasi gani. Mojawapo inasema, nikiifupisha, kwamba mgonjwa akiuliza "Je, ninakufa?" ni vizuri kugeuza mazungumzo na kuleta jambo la kumchangamsha. Sijui kama umewahi kuiona. Swali ulilodhani ni wewe tu lililokushinda limechapishwa kwenye karatasi ya kupimia wauguzi, kwa sababu wengi mno wamesimama pale uliposimama na kufanya ulichofanya. Na dodoso hilo hutumika sana kuwapima wauguzi kabla ya mafunzo na kuwapima tena baadaye. Hakuna anayepima mara mbili kitu anachoamini hakibadiliki.

Jambo jingine nililoliona limo kwenye maneno yako mwenyewe. Unapoanza kusimulia, yeye ni namba 9. Namba 9 hali si nzuri, namba 9 ana maumivu. Anapokushika gauni anakuwa "yule baba", na tangu hapo hujamwita namba tena. Mwaka 1960 mtaalamu wa saikolojia Isabel Menzies aliandika alichokiona katika uuguzi wa hospitali moja ya London: kazi inakatwa vipande vipande, wagonjwa wanatajwa kwa kitanda na ugonjwa, muuguzi anazoezwa kufungia hisia ndani. Alieleza kwamba mpangilio wote huo ulikuwa kinga dhidi ya wasiwasi wa kukaa karibu na mateso na kifo, na kwamba kinga yenyewe ilikuwa inawachosha wauguzi vijana hadi wengine wanaacha kazi. Kwa hiyo huo ubaridi unaouita wako, nakuomba ujiulize: ni wa moyo wako, au ni vazi la kazi ulilokabidhiwa siku ya kwanza pamoja na gauni?

Sisemi hivyo ili kukufutia yote. Simu ile iliombwa na haikupigwa, na naona ndiyo inayokuuma kuliko swali lenyewe. Iache ikuume kwa kipimo chake. Ulikuwa na mwenzako mmoja na wagonjwa 28. Huenda ungepiga na binti asingewahi. Huenda angewahi, akatoka kidogo kunawa uso, na baba akafa katika dakika hizo. Waliokesha kando ya wagonjwa wao wanasimulia hivyo mara nyingi kuliko tunavyodhani. Hujui, na hutajua. Hilo ni gumu kulibeba, lakini ni jepesi kuliko lile la "nilimnyima kifo chema" ambalo naona ndilo umejitwika.

Turudi kwenye swali lake. Ulilichukua kama ombi la majibu ya daktari, ndiyo maana likakuogopesha, na una haki: mahali pengi muuguzi hatakiwi kutoa habari ambayo daktari hajaitoa. Lakini mtu anayeuliza "ninakufa?" halafu papo hapo akaomba binti yake aitwe, wewe unadhani alikuwa hajui? Mwaka 1965 wanasosholojia wawili wa Marekani, Barney Glaser na Anselm Strauss, walieleza hali waliyoikuta hospitalini: mgonjwa anajua, wauguzi wanajua, ndugu wanajua, na kila mmoja anaigiza kwamba hajui ili asimuumize mwenziwe. Nadhani yule baba alikuwa amechoka kuigiza. Kumuuliza, "Nini kimekufanya uniulize usiku huu?" kusingekuwa kumtolea siri ya daktari. Wala "Naona hali yako ni nzito, unaogopa nini zaidi?" Hata kuvuta kiti ukakaa dakika mbili kabla ya kwenda kwa namba 14. Sikupi maneno haya uyakariri kama hatua tano. Na hizo hatua tano zenyewe, daktari Elisabeth Kübler-Ross alizichapisha mwaka 1969 kutokana na mazungumzo na wagonjwa mahututi huko Chicago. Alikwenda vitandani kwao akawauliza wanajisikiaje, nao wakasema. Ninyi chuoni mkapewa orodha, ule mwendo wa kukaa na kuuliza ukabaki nje ya darasa.

Kuhusu mofini sitakawia. Ikitolewa kwa kipimo kilichopangwa kulingana na maumivu, haimuui mgonjwa. Pumzi ulizoziona zikibadilika ni za mwili unaozimika wenyewe. Hofu yako ni ya kawaida kabisa miongoni mwa wauguzi, na huisha kwa maarifa. Kujilaumu hakutaiondoa.

Sasa yule binti. Naona njia tatu, na kila moja ina miiba yake.

Unaweza kunyamaza. Ataendelea kuamini kwamba baba yake alilala kwa amani, na pengine imani hiyo inamsaidia. Lakini ataamini pia kwamba hakusema neno, hali baba yake saa za mwisho alimtaja yeye. Hilo ni lake, mwanangu. Wewe umelishika tu.

Unaweza kumpigia. Hapo nakusihi usitumie namba ya kwenye faili kwa simu yako mwenyewe, usiku, huku unalia. Faili la mgonjwa si mali yako, na simu ya namna hiyo inaweza kumwangukia vibaya mtu ambaye huenda ndiyo kwanza ameanza kupata usingizi. Inaweza pia kukuletea malalamiko kazini ukiwa huna wa kukusimamia. Na jiulize kwa ukweli: ukimaliza kumwambia, mzigo utakuwa umepungua, au umehama kutoka kwako kwenda kwake?

Au unaweza kuanza na msimamizi wako wa wodi, au yeyote hapo kazini anayeshughulika na familia za waliofiwa, umweleze usiku ule ulivyokuwa pamoja na jibu ulilompa binti. Wakati mwingine familia huitwa baadaye kuulizwa kama wana maswali, na ukweli hutoka kwa utaratibu, kukiwa na mtu wa kuwashika. Hatari yake ni kwamba msimamizi anaweza kulichukua kama kosa la kinidhamu. Anaweza pia kukuambia liache lilivyo, na hapo utarudi ulipoanzia. Wewe unamfahamu, mimi simfahamu.

Ikiwa siku moja utamwambia, nadhani kuna maneno yanayomhusu yeye, kwamba "alikutaja, alitaka kukusikia", na kuna yanayokuhusu wewe, kwamba "nilishindwa, nisamehe". Ya kwanza anaweza kuyahitaji. Ya pili yasije yakamlazimisha akufariji.

Kuhusu kliniki, siwezi kukuambia nenda wala baki. Mtu akichoka apumzike, na kuhama wodi si kukimbia vita. Ila chunguza unachokitarajia huko. Wagonjwa wa nje nao hupewa majibu mazito, na ni pale pale kliniki ambapo wengi husikia kwa mara ya kwanza kwamba ugonjwa hautapona. Kama unachokikimbia ni lile swali, linaweza kukutangulia na kukungoja kwenye benchi. Kama unachohitaji ni kulala usiku na kuwa na wagonjwa wachache kwa zamu, hilo ni hitaji halali, lisemee kwa jina lake.

Na kuna jambo ambalo hukuniuliza, nami nalijali kuliko yote: hukufundishwa. Jeanne Quint, muuguzi na mtafiti wa Marekani, aliandika mwaka 1967 kwamba wanafunzi wa uuguzi wanafundishwa kwa mpango mbinu za kuokoa uhai, lakini kukutana na kifo kunaachwa kutokee kwa bahati tu. Miaka mingi imepita na barua yako inasimulia yale yale. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 56.8 huhitaji tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya wenye magonjwa mazito, kila mwaka na wanaoipata ni kama asilimia 14. Upungufu wa mafunzo kwa wahudumu wa afya umo kwenye sababu kubwa zinazotajwa.

Nikuonyeshe faida yake kwa nililoliona mwenyewe. Nilipokuwa namuuguza mama yangu siku zake za mwisho, muuguzi mmoja alinivuta pembeni akaniambia: pumzi zitakwenda haraka, zitapungua, zitasimama kabisa kwa muda, kisha zitaanza tena, magoti yanaweza kuota madoa ya zambarau, utasikia mkoromo kooni, unakutisha wewe kuliko unavyomsumbua yeye. Usiku wa pili pumzi zikasimama. Sikukimbilia mlangoni kuita watu. Nilibaki nimemshika mkono, nikahesabu, zikaanza tena. Yule muuguzi hakuwa na moyo mkubwa kuliko wako. Alikuwa na elimu, na mtu fulani alimpa.

Elimu hiyo ipo. Marekani mwaka 2000 ulianzishwa mpango wa kuwafundisha wauguzi huduma ya mwisho wa maisha, ambapo aliyefundishwa hurudi kufundisha wenzake, na umeshafika nchi nyingi. Uliza kazini, uliza chama chenu cha wauguzi, uliza walipo watu wa tiba shufaa. Lakini usitegemee mengi kutoka semina ya asubuhi moja yenye picha ukutani. Somo la kifo hutaka mtu ajizoeze maneno kwa sauti mbele ya wenzake, aseme anachokiogopa kuhusu kufa kwake mwenyewe, kisha arudi wodini kwenye wafanyakazi wa kutosha ili hizo dakika mbili za kukaa zipatikane. Bila hilo la mwisho, hata muuguzi aliyefundishwa vizuri ataishia kuhesabu matone.

Yule mwanafunzi hajaondoka bado, umesema "anataka" kuacha. Alikuuliza ulizoea lini, ukakosa jibu, na nadhani kukosa jibu huko ndiko kunakomstahili. Unaweza kumtafuta kupitia mwalimu wake ukamwambia hivyo hivyo: sikuzoea, nilijifunza kutotazama. Anaweza kuacha hata hivyo, na itakuwa haki yake. Lakini akirudi, na mkafiwa tena, msianze mara moja na kitambaa na lebo. Muuguzi mmoja wa chumba cha dharura huko Virginia, Jonathan Bartels, alianzisha desturi ambayo hospitali nyingi zimeiiga: mgonjwa akishafariki, waliokuwa wakimhudumia wanasimama kimya kama dakika moja kwa heshima yake, kisha kazi inaendelea. Dakika moja hata zamu yenu ya watu wawili inaweza kuipata.

Mwisho wa mwezi haujafika. Vyovyote utakavyomjibu msimamizi, niandikie. Na uniambie pia kitanda namba 9 sasa amelala nani. Jina usiniandikie, niambie tu kama unalijua.

Wako,
Shangazi